Faini ya Chozi

Naapa sijatia chumvi hata punje. Siku ya arobaini ya mkewe, Mzee Kibwana aliketi barazani akiwasimulia wageni jinsi Tunu alivyougua saratani huku akiwachekesha mpaka wauguzi, na jinsi alivyomwapisha: atakayebaki asilie, na akilia, acheze mdundiko mbele za watu.

"Nami nimetimiza," alisema Kibwana. "Sikutoa hata tone."

Ndani ya nyumba mtu akacheka. Kilikuwa kicheko cha Tunu, kile cha kuishia na kikohozi. Wageni wakageukia mlangoni. Pazia la mlangoni likasogea, akatoka mwanamke aliyejitanda kanga ya Tunu mpaka machoni, akiburura mguu kama Tunu wa miezi ya mwisho. Kibwana akajivuta nyuma mpaka ukutani.

"Mwongo mkubwa we! Na mto niliouanika uani asubuhi, ulilowa nini?"

Kanga ikateremshwa. Alikuwa Siwema, mtani wa marehemu, na mtani akiwa msibani hakatazwi kitu. Wageni wakashusha pumzi, wakaangua kicheko.

"Umeshikwa, shemeji. Cheza!"

Kibwana akasimama. Akatikisa mabega ya uzee, akazungusha kiuno, machozi yakimchirizika bila kuyafuta tena. Siwema akampigia makofi, na wageni wote wakamfuatisha, hadi mikono ikawauma wakaacha.

Humo ndani, nyuma ya pazia, ambamo hamkubaki mtu, makofi yaliendelea. Kibwana hakuthubutu kuacha kucheza.