Kuni za Kumkanda Mzazi

Huku milimani Upareni haokoti mtu hata kijiti bila kuuomba msitu ruhusa, nao humjibu kila mmoja kwa sauti ya marehemu wake. Namkunda alikisogelea kisanduku cha ukutani ambacho msitu husemea.

"Baba Nakundwa, mwanao kajifungua. Naomba mzigo mmoja wa kuni nimkande kwa maji ya moto."

"Msitu umechoka, mke wangu," ilijibu sauti ya marehemu Mbonea kwa upole. "Subirini mvua."

Mbonea huyohuyo, alipozaliwa Nakundwa, ndiye aliyeingia msituni kuiba kuni.

Namkunda alichukua shoka, akaingia chumbani.

Moshi ulipoanza kupanda, kisanduku kikauliza, "Hizo kuni za mti gani?"

"Za kitanda chetu."

Kisanduku kikakohoa, kama mtu aliyepaliwa na moshi.