Asibonyeze

"Usibonyeze," Tupokigwe aliuambia ukuta wa jikoni. "Ukuta, unanisikia? Mwenye kompyuta asibonyeze."

Upande wa pili, sebuleni, redio ya mzee Ambokile ilikuwa ikipiga kwaya kwa sauti ya juu.

Mzee alikuwa na kitalu cha miche ya parachichi hapo Tukuyu, na miche yote iliuzwa kwenye tovuti aliyoitengeneza Tupokigwe. Watu wa mbali, Igowole mpaka Ipogolo, waliagizia humo. Sasa mvua zinakaribia, na Anania, fundi wa mtandao kule Mbeya mjini, amempigia mzee simu: toleo jipya la mfumo unaopanga rangi, picha na vitufe vya tovuti limetoka, kila kitu kiko tayari, abonyeze tu "Sasisha".

Kipya kinyemi, kingawa kidonda. Tupokigwe alikuwa amelijaribu toleo hilo kwenye nakala ya tovuti. Picha zilipandana, maandishi yakakimbilia pembeni, na kitufe cha kuagiza kikapotea kabisa. Kuiandika upya ni kazi ya wiki nyingi, na mpaka hapo msimu umekwisha, miche imezeekea kwenye viriba vyake vya plastiki. La zamani halili wala halinywi. Si liachwe tu mpaka kiangazi?

Lakini angemwambia nani? Maneno yake kwa mzee hupelekwa na Mama Bupe, mke wa mzee, na Mama Bupe yuko msibani, simu kaizima. Kompyuta ni hiyo moja, na iko mbele ya mzee. Kumpigia mwenyewe, hapana, hajawahi. Hata salamu mzee hajawahi kumwitikia. Akipita uani, Tupokigwe hukaa nyuma ya mlango mpaka apite. Ndivyo mambo yanavyokwenda pale.

Aligonga ukuta kwa upawa. Redio ikazimwa.

"Haya, Anania," mzee alisema kwenye simu, "tulimalize hili jambo."

Jamani, ametuua. Tupokigwe alisimama na upawa wake, machozi yakimlenga, kisha akautupa, akausukuma mlango wa sebuleni na kuingia.

Mzee Ambokile aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Alijifunika koti kichwani, akageukia dirishani, na katika kuhangaika huko mkono wake ukakibana kipanya. Kwenye kioo cha kompyuta picha zilianza kupandana, moja juu ya nyingine.

"Nilikusikia," sauti ilitoka ndani ya koti. "Nilikuwa namwambia tuache."

Ndivyo baba mkwe alivyouvunja mwiko wa wakwe kutoonana wala kusemezana, akamsemesha mke wa mwanawe kwa mara ya kwanza.