Ukurasa wa Mwisho

Saraka ya bure ya tovuti za mji ilimkataa Bi Mwanakheri mara ya tatu, akaenda mwenyewe kwa mhariri wa saraka hiyo, Shebwana, pale kwenye duka la intaneti.

"Mama, tovuti yako nzuri," Shebwana alisema. "Majina mia na sita ya waliokufa kinu cha pamba kilipoungua. Lakini ukurasa wa mwisho mtupu. Kanuni zetu, tovuti isiyokamilika haipiti."

"Umekamilika huo. Ni wa vibarua wa kutwa waliokufa humo. Majina yao hayakuandikwa popote."

"Basi ufute, nikupitishe leo hii."

Ndugu wa marehemu walikwisha kutawanyika, na saraka ile ndiyo waliyoifungua wakitafuta habari za kwao.

"Tovuti ya mwenye kinu mmeipokea?"

"Ilikamilika, mama."

"Na moto haumo."

Shebwana alikuna kichwa. "Haumo."

Bi Mwanakheri akamsogezea kipanya.

"Miaka thelathini tangu moto ule nimekataa kuwafuta. Futa wewe, mwanangu, nikuone."

Shebwana alikishika. Mshale ukatua juu ya neno Futa, lakini hakubofya bado. Bi Mwanakheri akavuta kiti karibu, akatazama.