Dirisha la Vioo Viwili

Siwema alipitisha kidole kwenye fremu ya dirisha jipya, pembe hadi pembe, akitafuta kasoro. Hakuiona. Hata kati ya vile vioo viwili hapakuwa na chembe ya vumbi.

Nje, mashine ya jirani ya kusaga unga ilinguruma kama ilivyo desturi yake tangu alfajiri.

"Funga mwenyewe, dada, ndipo useme," alisema fundi Mbaraka, akifuta bisibisi kwa kitambaa.

Akafunga. Mngurumo ukakatika, mabega yake yakashuka. Mwaka mzima, kila akirudi kutoka zamu ya usiku, alijitupa kwenye kochi la hapa sebuleni na kuziba masikio kwa mto, akiamini mama yake mgonjwa amelala chumba cha pili.

Ndipo akasikia jina lake likiitwa.

Sauti ilitoka chumba cha pili, imekauka, haina haraka, kama ya mtu aliyezoea kutoitikiwa.

Fundi aliangalia chini. "Kazi unaionaje, dada?"

"Nzuri," alisema Siwema. Mkono wake, uliokuwa bado kwenye kishikio cha dirisha, ukalifungua tena, na taratibu mngurumo wa mashine ukaanza kurudi ndani.