Pamba za Masikioni

"Panua mdomo," fundi wa meno alisema, na yule aliyekuwa mume wake akapanua, macho yamemtoka, yanafuata kimashine cha kusagia kilichokuwa mkononi mwake.

Angekuwa na pengine pa kwenda, angekimbia. Lakini mji mzima fundi wa vifaa vya kuzuia kukoroma alikuwa huyo mmoja tu, na mke mpya, ambaye nyumba ni yake, alikwisha sema: mwezi huu unyamaze au uhame.

Mke mpya mwenyewe alikaa pembeni, mkoba magotini, vipande vya pamba vikichungulia masikioni. Alivizoea mpaka mchana anasahau kuvitoa.

"Dada, usimwonee haya huyo," akasema kwa sauti ya juu. "Wengine walikimbia makoromo. Mimi namtafutia dawa."

Fundi akatabasamu. Maneno hayohayo mtaa ulimcheka nayo miaka saba. Mume ndiye aliyeyatembeza, kwa kinyozi na kwenye vikao vya ndugu: mke gani huyu, anavunja nyumba kwa sababu ya pua ya mwenzake? Hata mama mzazi wa fundi alimwambia, mwanangu, si ungevumilia tu. Fundi hakumjibu mtu. Kinyongo chake alikitunza vizuri, hakikuchacha.

Na sasa kinywa chenyewe hiki hapa, wazi, mbele ya mikono yake.

Alikwisha kuwaza mengi. Angeweza kuacha ncha kali imkwangue fizi. Angeweza kukibana kifaa mpaka taya limwume wiki nzima. Badala yake alikaa siku nne juu ya mfano wa plasta wa meno ya mwanaume huyo, anasaga, anapima, anasugua kwa msasa, utadhani anamtengenezea mwanawe wa kumzaa.

Akakivika. "Uma. Achia. Kinakubana wapi?"

"Huku kushoto."

Akapunguza kiasi cha chembe ya chumvi, akakivika tena. Taya la chini likasogea mbele kidogo, koo likapata njia. Mwanaume akavuta pumzi, haikutoa hata mkwaruzo.

"Mbona naongea?" akashangaa. "Rafiki yangu chake kimemfunga mdomo kama kufuli."

"Hicho ni cha kipande kimoja. Chako nimekigawa viwili, cha juu na cha chini. Wewe mdomo wako sijaufunga."

Mabega ya mwanaume yakashuka. "Kumbe bado unanijali, bibie."

"Nakujua unavyolala tu. Unaikumbuka ile wiki uliyovunjika mbavu, ukawa unalala umeketi kwenye kochi? Hukukoroma hata mara moja."

"Nakumbuka sana. Na wiki hiyohiyo, mimi na maumivu yangu, ndiyo ukafungasha." Akamgeukia mkewe. "Unaona? Hata ukinyamaza hawaridhiki."

Mke mpya akacheka mpaka mkoba ukamteleza. Fundi alimsubiri amalize, kisha akamwendea na kunyoosha kiganja.

"Nipe hizo pamba, mwenzangu. Kuanzia leo huna kazi nazo."

Kesho yake, fundi alimkuta mke mpya amesimama mlangoni, peke yake, kabla hata kufuli halijafunguliwa. Masikio matupu, macho yamevimba. Aliingia bila salamu akajitupa kwenye kiti cha wagonjwa.

"Hakukoroma," alisema.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Kimya kabisa, nikamsikia neno kwa neno. Amelala fofofo, anaongea."

Fundi akafunga mlango taratibu, akavuta kigoda akaketi karibu naye.

"Kwangu alimtaja mdogo wangu wa kike," akasema. "Kwako amemtaja nani?"