Roboti ya Bi Msimu

Kitendawili! Mlinzi wangu hufumba jicho mchana, usiku hulifumbua. Umeshindwa? Nipe mji! Ni mnara wa taa, ule wa kisiwa cha mchanga alikozaliwa Bi Msimu, binti wa mwasha taa.

Siku hizi mwenye miaka sabini haruhusiwi kusafiri. Roboti yake huenda badala yake, na sheria inasema ndiyo yeye.

Bi Msimu alivuka bahari mwenyewe.

"Bibi, roboti yako iko wapi?" askari alimkemea mlangoni mwa mnara. "Utafungwa!"

Alipanda ngazi zote akihema, askari nyuma yake, mpaka akakishika kile kioo cha taa alichokisugua utotoni. Chini mawimbi yalipasuka mchangani.

"Iko nyumbani, inasugua masufuria," alisema. "Ukitaka kunifunga, mjukuu wangu, kaifunge hiyo. Si ndiyo mimi?"