Chipukizi la Figo

Mimba ilipofika wiki ya sita, sheria iliuruhusu ukoo kuchukua chipukizi moja la figo la mtoto na kumpandikizia mgonjwa wa ukoo huo. Mtoto alibaki na la pili, nalo lilimtosha.

Ndiyo maana Mama Komba, aliyekuwa akisafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki na hakuwa amepata mkojo hata tone kwa miaka miwili, hakumruhusu mkwewe Edwina hata kuinua ndoo tangu aliposhika mimba.

Siku ya kipimo, daktari aliitazama picha kwa muda mrefu. "Limechipua moja tu," alisema. "La kulia halipo."

"Basi mwachieni," alisema Edwina.

Daktari alimgeukia mume wa Edwina, Festo, maana saini ilikuwa ya upande wa baba.

"Watoto tutapata wengine," alisema Festo bila kumtazama mkewe, akasaini.

Mama Komba akapona. Kutoa mimba kulikatazwa, kwa hiyo Edwina akaendelea kuibeba. Mwezi wa tano mkunga alimkuta tumbo limekauka. Alimweleza taratibu kwamba maji anamoogelea mtoto ni mkojo wake mwenyewe, na huyu hana figo ya kuutengeneza. Angezaliwa, lakini asingemaliza siku.

Edwina aliporudi nyumbani, mama mkwe alikuwa msalani. Alikaa sebuleni akisikiliza, kupitia ukutani, mkojo ukitiririka kwa muda mrefu, bila haraka.

Mama Komba alitoka akijifunga kanga, uso umemng'aa.

"Namshukuru Mungu, mwanangu," alisema. "Leo ni mara ya nne."